Seti ya chati za seli na virusi vya homa za kutoka damu: inafaa madarasa ya Mtwara na Lindi, ila irekebishe kabla ya kuitundika

Boksi lina chati tisa za turubai jembamba la mabango, kila moja sentimita 60 kwa 90, mfuko wa vielelezo vya kushika mkononi, na kijitabu cha mkufunzi chenye kurasa 40. Mtwara mjini linauzwa Sh 165,000. Aliye Masasi, Newala, Nachingwea au Liwale anaagiza kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, na nauli ya mzigo ni juu ya mnunuzi. Limetengenezwa kwa ajili ya wakufunzi wa vyuo vya afya, walimu wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita, na wataalamu wa maabara wanaowanoa wenzao kazini.

Somo lenyewe ni zito: namna protini za seli ya binadamu zinavyokizuia kirusi cha Ebola, Marburg, Lassa au Homa ya Bonde la Ufa kisiingie, kisizaliane, au kisitoke. Mwanafunzi anayelisoma kwa slaidi za Kiingereza huishia kukariri vifupisho bila kujua kitu gani kiko wapi ndani ya seli. Seti hii inalijibu swali hilo la "kiko wapi", na ndiyo sababu tunaipendekeza. Udhaifu wake mkubwa ni mmoja, nao unajirudia karibu kila chati: inaonyesha seli ikipiga, haionyeshi kirusi kikirudisha. Mwanafunzi akiachwa hapo hataelewa kwa nini mtu mwenye afya njema, aliyezaliwa na protini hizo zote, anakufa kwa Marburg ndani ya siku chache.

Chati ya kwanza ni orodha ya magonjwa, na ndiyo ya kwanza kushikiwa kalamu. Imeiweka chikungunya safu moja na Ebola. Kwa mtu wa kusini kosa hili linauma, maana chikungunya ni ya huku kwa historia na kwa jina: ilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, na jina limetoka kwenye Kimakonde, likieleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ni homa ya viungo inayoenezwa na mbu, ya ukoo mwingine kabisa wa virusi, na kutoka damu si tabia yake. Bandika karatasi nyeupe juu ya picha hiyo na uandike dengi, kwa sababu dengi kali ndiyo inayoweza kuvujisha damu, na mbu wake ni wale wale Aedes.

Kuna pengo jingine kwenye chati hiyo hiyo. Haitaji homa ya mgunda. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walishikwa na homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa 20 waliripotiwa na 3 kati yao walifariki. Vipimo vya Ebola na Marburg vikatoka hasi. Ilikuwa leptospirosisi, yaani hiyo homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama na kuingia kwa mtu kupitia maji, udongo au kidonda. Bakteria huyo anatibiwa kwa antibayotiki, na chati zote zinazofuata hazimhusu. Mkufunzi asipolisema hili mwanzoni, darasa zima litaondoka likiamini kwamba kila damu ya pua ni kirusi, na huku kusini imani hiyo inaweza kumnyima mgonjwa dawa iliyopo dukani.

Chati ya pili inahusu kuingia. Rangi zake ni nzuri, na kirusi cha Ebola kimechorwa kwa umbo lake halisi la uzi, upana nanomita 80 na urefu unaokaribia maikromita moja. Hatua za mwanzo ziko sawa: kirusi kinanata juu ya seli kwa msaada wa molekuli kama TIM-1, utando unajikunja na kukimeza, na kirusi kinajikuta ndani ya kifuko kinachoitwa endosomu. Asidi inapanda humo. Vimeng'enya viwili, kathepsini B na kathepsini L, vinaikata protini ya miiba ya kirusi, GP, na kuacha kichwa kidogo kilicho wazi. Kichwa hicho ndicho kinachoshika protini ya seli iitwayo NPC1.

Mchoraji ameiweka NPC1 nje ya seli, kama kitasa cha mlango wa mbele. Sivyo. NPC1 inakaa kwenye utando wa endosomu iliyokomaa na wa lisosomu (kifuko cha seli cha kumeng'enyea), na kazi yake ya kila siku ni kupitisha kolesteroli. Timu mbili za watafiti zilionyesha mwaka 2011 kwamba bila NPC1 Ebola haipenyi; seli za ngozi za watu wenye ugonjwa wa kurithi wa Niemann-Pick aina C, ambao NPC1 yao ni mbovu, zilikataa kuambukizwa. Mahali pake pana maana ya vitendo. Kingamwili au dawa inayoelea nje ya seli haiwezi kuifikia NPC1 moja kwa moja, na GP inayofika mbele yake si ile ile iliyokuwa nje, imekwishakatwa. Mwanafunzi aliyeona kitasa nje hawezi kulielewa hilo hata ukimweleza mara kumi. Funika mchoro kwa stika nyeupe, uchore upya kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuko, na uandike pembeni: "GP hukatwa kwanza, ndipo ishike."

Chati ya tatu ndiyo iliyoibeba seti nzima. Inahusu IFITM3, protini ndogo yenye asidi amino 133, ambayo seli huitengeneza kwa wingi ikishapata taarifa ya interferoni, ishara ya hatari inayotumwa na seli zilizoshambuliwa. Uwezo wake dhidi ya mafua, dengi na virusi vya West Nile ulitangazwa mwaka 2009, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba yeye na ndugu zake IFITM1 na IFITM2 wanazuia pia Ebola na Marburg. Hapo chati inasema kitu ambacho vitabu vingi vinakipita haraka: IFITM3 haikishiki kirusi wala haikikati. Inaukaza utando wa kifuko. Kirusi kikitaka kutoka kwenye kifuko ni lazima utando wake uungane na utando wa kifuko na tundu lifunguke. Tando zinagusana, tabaka za nje zinaanza kuchanganyika, halafu kazi inakwama papo hapo. Tundu halifunguki. Baadaye kifuko kinapelekwa kwenye lisosomu na kirusi kinameng'enywa humo.

Kijitabu kinapendekeza mfano wa mlango na komeo. Uache. Kwa wanafunzi wa Mikindani, Kilwa au Msimbati tumia dema. Samaki akiingia demani ameingia kweli, lakini hajafika popote. Bado amezungukwa na fito, na anayeamua mwisho wake ni mvuvi. Kirusi kilichomezwa kiko demani. Hakijaingia kwenye seli bado, na IFITM3 ndiyo inayozikaza fito.

Kuhusu tando zenyewe, kijitabu kina zoezi la mapovu ya sabuni ambalo ni dhahabu, ila vipimo vyake havifanyi kazi na maji ya visima vya pwani. Chumvi na chokaa kwenye maji hayo hula sabuni, na povu linapasuka kabla hujaeleza neno. Chukua maji ya mvua au ya chupa, vikombe viwili. Tia vijiko vinne vya mezani vya sabuni ya maji ya vyombo na kijiko kimoja cha sukari, koroga taratibu bila kutoa povu, acha itulie nusu saa. Lowesha sinia kwa maji hayo hayo. Zima feni. Chovya mrija na upulize povu moja juu ya sinia, kisha la pili kando yake mpaka yagusane. Yakikutana, yanashikamana na kuweka ukuta mmoja katikati. Hapo simamisha somo, kila mtu auone ukuta ule: mapovu yameshaungana nje, lakini hewa ya moja haijaingia kwa jingine. Hivyo ndivyo IFITM3 inavyokiacha kirusi. Subiri kidogo, na mara nyingi ukuta utapasuka wenyewe na mapovu mawili yatakuwa moja kubwa. Hivyo ndivyo kirusi kinavyofaulu pale IFITM3 isipokuwepo. Sinia ikiwa kavu mahali popote, povu litapasukia hapo. Ndilo kosa linaloharibu zoezi hili mara nyingi kuliko jingine.

Kichwa cha chati hiyo kimeandikwa "Inazuia virusi vyote". Futa "vyote". Virusi vya Lassa na Machupo (kirusi cha homa ya kutoka damu ya Bolivia) havizuiliwi na IFITM. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, IFITM2 na IFITM3 zinazuia lakini IFITM1 haizuii. Andika hivyo chini ya picha, maana ndilo swali la mtihani linalotenganisha aliyeelewa na aliyekariri.

Chati ya nne na ya tano zinakwenda pamoja: kengele ya hatari na majibu yake. Seli ina walinzi wanaonusa RNA ngeni, yaani maandishi ya jeni ya kirusi, mmoja wao akiwa RIG-I. Akiinusa, seli inatoa interferoni. Interferoni inatoka nje, inagusa seli jirani, na ndani ya jirani protini iitwayo STAT1 inabebwa na mpagazi mpaka ndani ya kiini, inawasha jeni mamia, na miongoni mwake ni za IFITM3 na nyingine nyingi za seti hii. Mtiririko umechorwa vizuri, kwa mishale minene inayoonekana hata kutoka benchi la nyuma.

Ila ni nusu ya habari. Ebola ina jeni saba tu, na angalau protini zake mbili zina kazi ya kuikata kengele hii. VP35 inaifunika RNA ya nyuzi mbili ili RIG-I asiinuse. VP24 inamshika yule mpagazi, kariyoferini alfa, mahali pale pale ambapo STAT1 ingeshika. STAT1 inabaki nje ya kiini na taarifa mkononi. Marburg inafika mwisho ule ule kwa njia nyingine: VP40 yake inaizuia kazi ya JAK1, kimeng'enya kinachoiamsha STAT1, hatua moja kabla, hivyo STAT1 haiamshwi kabisa. Lassa ina protini ya NP inayoitafuna RNA ya nyuzi mbili. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina NSs, inayoingia kwenye kiini na kuzima uandishi wa jeni za seli, na pia inasababisha mlinzi mwingine, PKR, aharibiwe. Hakuna hata moja ya hizi kwenye chati.

Dawa yake ni rahisi. Kata duara tano za karatasi nyekundu, kipenyo sentimita 8, ziandike VP35, VP24, VP40 ya Marburg, NP ya Lassa na NSs, uzipige laminesheni, na nyuma ubandike vipande vya kunatana kama vya viatu vya watoto. Somo la kwanza, fundisha chati ikiwa safi. Somo la pili, mpe kila kundi duara moja na umwambie abandike pale njia inapokatika. Anayeibandika VP24 juu ya kiini badala ya juu ya mpagazi hajaelewa, na utaliona kosa hapo hapo bila kusubiri mtihani. Duara hizi zingekuwa ndani ya boksi tangu mwanzo, bei ingekuwa halali kabisa.

Zoezi hilo linajibu pia swali ambalo lazima litaulizwa: kama interferoni ni nzuri hivyo, mbona wagonjwa hawachomwi sindano ya interferoni wakapona? Nyani walioambukizwa Ebola na kupewa interferoni alfa walichelewa kufa, hawakupona. Ndani ya seli iliyokwisha shikwa, VP24 imeshamkamata mpagazi. Taarifa ikiletwa zaidi inabaki mlangoni.

Chati ya sita imejaza protini tatu mahali pa moja, na maandishi yamekuwa madogo mno. MxA ndiyo ya kukaa nayo, kwa sababu inahusu Homa ya Bonde la Ufa na homa ya Crimea na Congo: inakaa kwenye saitoplazimu (sehemu ya seli iliyo nje ya kiini) na kuishika protini inayofunika RNA ya virusi hivyo. Kwa wanafunzi wa Kilwa na Nachingwea, ambako wafugaji na mifugo wameongezeka, huu ndio mfano wa karibu kuliko Ebola. ZAP, inayoishambulia RNA ya Ebola na Marburg, na PKR, inayosimamisha utengenezaji wa protini, zitosheleze kwa sentensi moja moja.

Chati ya saba ni fupi na safi. RBBP6 ni protini ya binadamu ambayo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2018, ina kipande kinachofanana na kile ambacho protini ya NP ya Ebola inatumia kuishika VP30, protini nyingine ya kirusi hicho. Kipande hicho kinaishika VP30 badala yake, na unakili wa jeni za kirusi unapungua. Watafiti walikata kipande cha asidi amino 23 tu kikafanya kazi peke yake. Chati inaonyesha soketi moja na plagi mbili zinazoigombea, mfano unaoeleweka bila maelezo. Usiongeze kitu.

Chati ya nane, ya tetherini, inastahili kipindi kizima. Tetherini ni protini yenye nanga mbili, moja kila mwisho, na zote zinaingia kwenye utando. Zinakaa mbili mbili, zimefungwa pamoja kwa vifundo vitatu vya salfa. Kirusi kinapojitokeza kwenye seli kinajivika kipande cha utando wa seli hiyo hiyo. Nanga za upande mmoja zinabaki kwenye seli, za upande mwingine zinaondoka na kirusi, na kirusi kinaning'inia nje kama mtumbwi uliofungwa gatini. Kimezaliwa, lakini hakiendi kwa jirani.

Mchoro umekosea jambo moja kubwa: tetherini imechorwa ikiishika miiba ya kirusi. Tetherini haitambui protini yoyote ya kirusi. Inashika utando, na utando huo ni wa seli, umeibwa. Ndiyo maana inaweza kufunga HIV, Ebola, Marburg na Lassa, virusi vya koo tatu tofauti. Sahihisha kwa kalamu, mstari uishie kwenye utando wa kirusi, si kwenye mwiba.

Kielelezo chake ni ubao uliofunikwa kitambaa, mipira mitano ya sponji iliyovikwa kitambaa cha rangi ile ile, na nyuzi za pamba. Rangi kuwa moja ni wazo zuri sana, linaonyesha wizi wa utando bila neno. Nyuzi za pamba ndizo hazifai: zinalegea, na zikilowa jasho zinakatika. Nunua mshipi mwembamba wa kuvulia, ukate vipande 20 vya sentimita 15. Vifunge viwili viwili kwa vifundo vitatu katikati, upate jozi 10. Kila mwisho wa jozi uushone kipande kidogo cha kunatana. Bandika jozi mbili kwa kila mpira, upande mmoja kwenye ubao na mwingine kwenye kitambaa cha mpira. Inua ubao wima na umwambie mwanafunzi autikise. Mipira inaning'inia, haianguki. Hesabuni mipira iliyoanguka kwenye sinia chini: ndivyo maabara inavyopima tetherini, kwa kulinganisha chembe zilizotoka kwenye kimiminika na zile zilizobaki zimenata kwenye seli.

Ndani ya mfuko kuna mkasi wa kadibodi ulioandikwa GP. Ndiyo sehemu pekee ambapo mtengenezaji amejaribu kuonyesha jibu la kirusi, na amekosea. GP ya Ebola kweli inaishinda tetherini, lakini haiikati. HIV kwa protini yake Vpu inaiondoa tetherini juu ya seli. Ebola haifanyi hivyo, tetherini inabaki pale pale juu ya seli na virusi vinaondoka hata hivyo. Weka mkasi pembeni. Badala yake, kata vipande vidogo vya plastiki laini, viandike GP, na uvipachike kati ya ncha za mshipi na kitambaa cha mpira ili zisinate. Tikisa tena. Mishipi yote imebaki ubaoni, nzima, na mipira imeanguka. Mwanafunzi ataona kwa macho tofauti ya Vpu na GP.

Chati ya tisa inahusu kazi ya mhudumu, na hapa tunaomba mtu asiitundike ilivyo. Imeandikwa "ongeza kinga kwa kula matunda na mboga" chini ya picha ya kirusi cha Marburg. Matunda ni chakula bora, lakini hayaizuii VP40 ya Marburg kuikata njia ya interferoni. Mkoani Kagera mwaka 2023 wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Biharamulo mwanzoni mwa 2025 walikuwa 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kuwa yamkini, na wote 10 walifariki. Muuguzi wa zahanati anayesoma ushauri ule anaweza kuamini mwili wake utamlinda, akamgusa mgonjwa bila glavu. Futa mstari huo wote.

Kilichobaki kwenye chati hiyo ni kizuri: mgonjwa mwenye homa na kutoka damu atengwe kwanza, aulizwe safari na aliowagusa baadaye, sampuli ifungashwe kwa tabaka tatu, taarifa iende kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo, au kwa simu 199 ya Wizara ya Afya. Ila kipimo cha klorini kina hatari. Chati inasema sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, bila kutaja nguvu ya dawa. Kwa chupa iliyoandikwa asilimia 5 utapata 0.5 inayotakiwa kwa sakafu na vyombo vilivyochafuka. Chupa ikiwa ya asilimia 3.5, hesabu ile inakupa 0.35 tu, hapo changanya sehemu moja kwa sita. Ukiwa na unga wa asilimia 70, pima gramu 7 kwa lita moja ya maji. Changanya upya kila siku, kwa sababu klorini inapungua nguvu, na jua linaiua haraka zaidi. Futa damu au matapishi kabla ya kumwaga dawa, maana uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye kirusi.

Mkufunzi mzuri anaweza kuunganisha hapa na chati ya nane. Utando ule ule ambao kirusi kiliuiba kwa seli ndio unaoyeyushwa na sabuni ya kawaida. Kirusi cha Ebola kisicho na utando wake hakiambukizi. Mwanafunzi aliyeshika mpira wenye kitambaa kilichoibwa anaelewa kwa nini kunawa kwa sabuni ni tendo la kibaiolojia.

Kijitabu kina ukurasa mmoja wa thamani kubwa, wa 31, unaoeleza maarifa haya yalipatikanaje. Kirusi hai cha Ebola kinashughulikiwa kwenye maabara za usalama wa ngazi ya nne tu. Lakini VP40 ya Ebola ikiwekwa peke yake ndani ya seli inatengeneza chembe tupu zenye umbo la uzi, zisizo na jeni na zisizoambukiza, na kwa chembe hizo tetherini ilipimwa kwenye maabara za kawaida. Hali kadhalika GP inaweza kuvikwa kirusi kingine kisicho hatari ili kupima kuingia peke yake. Soma ukurasa huu darasani kwa sauti. Unajibu wasiwasi wa wazazi na wa wanafunzi kwamba pengine mtu anacheza na Ebola kwenye maabara ya chuo.

Lugha ya kijitabu inahitaji mhariri. Neno "chembe" limetumika kwa seli, kwa kirusi kimoja, na kwa damu, mara nyingine ndani ya sentensi moja. Fuata utaratibu mmoja: seli ni seli, kirusi ni kirusi, na chembe iwe ya kile kitu kitupu kinachotengenezwa na VP40. Waeleze wanafunzi siku ya kwanza.

Kuhusu uimara, turubai linastahimili, wino haujapauka hata ukutani panapopigwa na jua la mchana. Matundu ya kutundikia yamewekwa pete za chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Mtwara na Lindi mjini pete hizo zinashika kutu na kuacha madoa ya kahawia yanayoshuka juu ya picha. Paka rangi ya kucha juu ya kila pete kabla ya kutundika. Gundi ya vipande vya kunatana inaachia msimu wa mvua, hivyo vishone kwa sindano tangu mwanzo. Chati zikunjwe kwa kuviringishwa, picha ikiwa nje. Zikipigwa mikunjo mstari mweupe haufutiki.

Muuzaji anakubali kuuza chati moja moja kwa Sh 18,000, na mfuko wa vielelezo peke yake Sh 35,000. Kwa shule yenye bajeti ndogo, chukua ya 2, ya 3 na ya 8 pamoja na mfuko, jumla Sh 89,000. Ya 5 ichore mwenyewe kwenye karatasi ya manila, na duara zako tano nyekundu ziwe tayari.